Jiko la pamoja: Aliyekwangua kikaango chako huenda amelelewa vizuri

Ukiingia nyumba za kupanga za Magomeni, Buguruni au Temeke, mara nyingi utakuta ramani ileile: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ni uani. Uani ndiko liliko jiko, bomba na kamba za kuanikia nguo. Chumba kina mlango na kufuli, jiko halina. Hapo ndipo familia zilizokutanishwa na kodi tu hulazimika kuishi kama ndugu, na hapo ndipo chuma chako cha chapati hukutana na mkono usiokijua.

Ugomvi wa luku huisha, kwa kuwa mita inasoma namba. Ugomvi wa zamu ya kufagia nao huisha, kwa kuwa zamu inaweza kuandikwa ukutani. Ugomvi wa vyombo ndio unaodumu. Hasara yake haionekani siku ileile, aliyeitia hajui kama ameitia, na mwenye chombo anaona haya kulalamikia kikaango mbele ya watu wazima. Basi ananyamaza, ananuna, na siku akifumbua mdomo yanatoka maneno mazito: mchafu, hana adabu, kwao hawakumfunza.

Nimeishi katika nyumba za namna hiyo, na ninaamini shutuma hiyo ya mwisho mara nyingi ni kinyume cha ukweli. Anayeharibu chombo chako amefunzwa, tena vizuri. Tatizo ni kwamba alifunzwa chombo kingine.

Malezi ya alumini

Sehemu kubwa ya vyombo vya kupikia katika nyumba zetu ni sufuria za alumini, na adabu yetu ya jikoni imejengwa juu ya sufuria hizo. Mtoto hufundishwa mapema kwamba sufuria iliyooshwa ni ile iliyong'aa. Atatumia majivu, atatumia mchanga laini, atatumia dodoki, na siku hizi stilwaya, mpaka masizi yote yatoke na ukoko wote ubanduke. Vyombo vinavyometa juu ya kichanja ni sifa ya nyumba nzima. Mama mkwe akija, hivyo ndivyo anavyovitazama kwanza.

Kwa alumini, malezi hayo ni sahihi. Alumini hujivika yenyewe ngozi nyembamba sana ya oksidi inapokutana na hewa. Ukiikwangua, ngozi nyingine hujitengeneza papo hapo. Ndiyo maana sufuria inaweza kusuguliwa miaka na miaka, ikapungua unene tu na kuendelea na kazi. Binti au kijana aliyekulia kwenye kazi hiyo anakuja kwenye nyumba ya kupanga na nguvu zake, stilwaya yake na nia yake njema. Kisha anakutana na chuma cha chapati.

Weusi usio uchafu

Ule weusi unaong'aa juu ya chuma cha chapati si masizi. Ni mafuta yaliyogeuka. Chuma kikipakwa mafuta kidogo na kutiwa moto mkali, mafuta yale hushikana na kuwa ngozi ngumu iliyogandamana na chuma. Ngozi hiyo ndiyo inayofanya chapati iteleze, na ndiyo inayozuia kutu. Hujengwa pole pole, tabaka juu ya tabaka, kila siku chuma kinapofanya kazi.

Jirani yangu mmoja alikuwa akiuza chapati za asubuhi. Alfajiri moja aliamka akakuta chuma chake kimelala ndani ya beseni la maji, kimekuwa cha kijivu. Binti aliyehamia karibuni alikuwa amekiazima usiku kukaangia mayai, akaona aibu kukirudisha katika hali aliyoiona ya uchafu. Alikisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga mpaka akachoka, kisha akakiloweka ili mabaki yalainike. Kufikia alfajiri, kutu ya rangi ya machungwa ilikuwa imeanza kwenye kingo. Chapati ya kwanza ilinata, ya pili ikachanika, na watu wanaowahi daladala hawangoji.

"Mama, nilitaka nikurudishie kikiwa safi," binti alisema, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu, ungeniuliza tu," mama alijibu, akawasha moto.

Kilichofuata kinafaa kujulikana na kila anayepika, kwa maana chuma hupona. Kutu ilisuguliwa yote ikatoka. Chuma kikaoshwa, kikakaushwa juu ya moto mpaka unyevu ukaisha kabisa. Kikapakwa mafuta ya kula kwa kitambaa, kisha yakafutwa karibu yote, ukabaki mng'ao tu, kwa sababu mafuta mengi hufanya ngozi yenye kunata. Kikarudishwa motoni mpaka kilipoacha kutoa moshi. Kazi hiyo ikarudiwa mara kadhaa. Binti alikuwa pale anatazama na kusaidia, na baada ya siku ile hakuna aliyekitunza chuma kile kuliko yeye. Kosa lake lilikuwa la mtu asiyejua, na dawa yake ilikuwa kuelekezwa.

Kikaango kisichopona

Kikaango cha nonstiki hakina bahati hiyo. Kikishakwanguka, kimekwisha. Utando wake ni plastiki iitwayo PTFE, inayojulikana zaidi kwa jina la Teflon. Aliyeigundua, Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont ya Marekani, hakuwa akiitafuta. Mwezi Aprili 1938 alikuwa akichunguza gesi za majokofu, akakuta gesi iliyohifadhiwa ndani ya mtungi imegeuka unga mweupe unaoteleza. Miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuushikisha unga huo kwenye alumini, na mwaka 1956 ikaanzishwa kampuni ya Tefal.

Kazi aliyokuwa nayo Grégoire inaeleza udhaifu wa kikaango hicho hadi leo. Kitu kisichoshikwa na yai wala samaki hakishikwi kwa urahisi hata na kikaango chenyewe. Utando ni mwembamba sana, nao umeshikizwa kwa ufundi juu ya alumini. Uma wa kugeuzia samaki, kisu cha kukatia kimanda humohumo na stilwaya ya kuoshea vyote huuchana. Mwiko wa mti na kipande cha sponji laini ndiyo mahitaji yake.

Moto nao ni adui. Utando huo huanza kuchakaa ukivuka nyuzijoto 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya gesi kali kinaweza kufika huko kwa dakika chache tu. Kikizidi sana kupata moto, mvuke wake unaweza kumletea mtu homa na kifua kubana, na ndege wa kufugwa hufa nao upesi. Mwenye kasuku uani analijua hili au ataujua uchungu wake. Watu wengi huogopa vile vipande vyeusi vinavyobanduka na kuingia kwenye chakula, lakini vipande hivyo kwa kawaida hupita tumboni bila kusagwa. Linalostahili hofu zaidi ni kikaango kilichosahauliwa motoni huku mtu anajibu simu chumbani.

Chungu hakipendi haraka

Halafu kuna chungu. Wanawake wa Kikisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na wanawake wa Kipare bado wanafinyanga kwa mikono, na vyungu vyao husafiri hadi masoko ya mbali. Chungu ambacho hakikupakwa rangi ya kioo kina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo chungu kipya huloweshwa maji, kisha huchemshiwa uji mwepesi au maji ya mchele, ili wanga uzibe vile vitundu kabla mchuzi haujaingia.

Vitundu hivyo ndivyo pia vinavyonyonya sabuni. Mwenzako akikiosha kwa povu jingi na kukisuuza haraka, samaki wa nazi wa kesho atanukia manukato ya sabuni. Na akikitoa motoni akakimiminia maji baridi ili kiwahi kuoshwa, sehemu moja husinyaa kabla ya nyingine na ufa unapita. Chungu husubiriwa kipoe, huoshwa kwa maji ya moto na dodoki, kisha huanikwa mpaka ndani kabisa kukauke, la sivyo kitaota ukungu.

Nimekaa sana juu ya mambo haya kwa makusudi. Kanuni za vyombo hivi vitatu zinapingana na kanuni ya sufuria, nazo hazionekani kwa macho. Hakuna njia ya mgeni kuzijua ila aambiwe.

Kuazima na kulipa

Wapo wanaosema suluhisho ni kila mtu na vyombo vyake, basi. Mimi siafiki. Kuazimana vyombo ni nguzo ya ujirani wetu, na dini imelitilia uzito. Sura ya 107 ya Qur'ani, Al-Maun, inamalizia kwa kuwakemea wanaozuia misaada midogo, na wafasiri wa mwanzo walitoa mifano ya vitu hivihivi vya nyumbani: chungu, ndoo, shoka.

Lakini mafundisho yaleyale hayakumwacha mwenye chombo apate hasara. Katika Sahihi ya Bukhari kuna kisa cha sahani ya chakula iliyoletwa kwa Mtume kutoka kwa mmoja wa wakeze, alipokuwa nyumbani kwa mke mwingine. Mwenye zamu alishikwa na wivu, akaipiga ikavunjika. Mtume alikusanya vipande na chakula, hakumfokea mtu. Kisha akachukua sahani nzima ya yule aliyevunja, akaipeleka kwa yule aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki nyumbani kwa aliyeivunja. Upole ulikuwepo, na malipo yalikuwepo. Jiko la pamoja linahitaji yote mawili.

Vikundi vya akina mama vinavyomiliki sufuria kubwa za shughuli vimelielewa jambo hili siku nyingi. Sufuria zile hupita kwenye harusi na misiba, mikono ya kila aina inazigusa, na bado hudumu. Kila moja ina alama ya rangi au herufi chini ya kitako. Anayezichukua anaandikwa, anaporudisha zinakaguliwa mbele yake, na iliyotobolewa inalipwa bila kelele. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hao mama wamelifanyia kazi neno hilo.

La kufanya uani kwetu

Kwanza, mpangaji mpya apewe maelekezo siku anayohamia, kabla hajaazima chochote. Mweleze taratibu: "Shoga, hiki chuma hakiguswi na stilwaya, na hiki kikaango kina mwiko wake huu." Maneno ya siku ya kwanza ni ukarimu. Maneno hayohayo baada ya hasara huwa ni shutuma.

Pili, chombo kitembee na kifaa chake. Anayeazimwa nonstiki apewe na mwiko wa mti. Anayeazimwa kibao cha mbuzi aambiwe kisilale nje, maana mvua hupasua mbao na kutia kutu meno.

Tatu, tuwe waadilifu kwa dada wa kazi. Yeye ndiye anayelaumiwa zaidi ya wote na kuelekezwa kidogo kuliko wote. Wapo waajiri wanaomkata mshahara kwa sufuria iliyoungua, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania imeweka masharti. Ili mwajiri akate fedha ya hasara, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe kwa maandishi sababu na kiasi, apate nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Dada ambaye hakuonyeshwa tofauti ya chuma na sufuria, kosa lake liko wapi?

Nne, anayeharibu alipe. Asiyekuwa na fedha atoe kazi, kama yule binti aliyekaa pembeni ya moto akikitengeneza chuma upya pamoja na mwenyewe. Malipo huondoa kinyongo kuliko pole kumi.

Yupo pia ambaye ameonyeshwa, ameambiwa na kuombwa, na bado anakwangua. Huyo hawezi tena kusimama nyuma ya malezi yake. Anajua, na ameamua kwamba jasho la mwenzake si kitu. Mtu wa namna hiyo mnyime bila kuona haya, ukafungie vyombo vyako chumbani. Kumnyima aliyedharau amana si uchoyo.

Ila hao ni wachache, na tunakosea tunapowapima wote kwa kipimo chao. Wengi wanaotuharibia vyombo wanasugua kwa bidii iliyofunzwa na mama zao, wakidhani wanatuheshimu. Bidii hiyo ni mali, inahitaji kuelekezwa tu. Kwa hiyo, kabla hujamwita mpangaji mwenzako mchafu, mwite jikoni. Mwonyeshe chombo, mweleze kinavyotunzwa, kisha mpe akitumie.