Kujiondoa katika orodha ya barua pepe: "Niondoeni" haimwondoi mtu

Wafanyabiashara wa mipakani hujiunga na orodha za barua pepe ili kupata bei za mazao, matangazo ya zabuni na taarifa za forodha. Kujiunga ni kazi ya dakika moja. Kutoka ndiko kunakowashinda wengi.

Chukua mfano wa mnunuzi wa mahindi wa Namanga ambaye sasa anauza nguo. Barua za bei ya mahindi zinaendelea kumiminika. Akichoka, anabonyeza kitufe cha kujibu na kuandika: "Niondoeni!" Barua hiyo inawafikia wanachama wote. Wengine wanajibu "Na mimi pia", wengine wanamgombeza, na oda ya mteja inapotea katikati ya kelele hizo.

Hata taasisi kubwa hukumbwa na hali hii. Novemba 2016, barua ya majaribio iliwafikia kwa makosa watumishi takriban 840,000 wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS. Wengi waliwajibu wote wakiomba kuondolewa, na mfumo ukazidiwa.

Tatizo liko wapi?

Orodha nyingi za majadiliano zina anwani mbili. Moja ni ya kuwaandikia wanachama. Nyingine ni ya kupokea maombi ya kujiunga na kutoka, na husomwa na programu ya kompyuta. LISTSERV, iliyotengenezwa na Eric Thomas mwaka 1986, hutumia utaratibu huo. Ombi likitumwa kwenye anwani ya wanachama, husambazwa kama barua nyingine yoyote. Ni sawa na kudai risiti ya ushuru kwa kupiga kelele kwenye foleni ya malori badala ya kwenda dirishani.

Mambo ya kufanya:

1. Soma sehemu ya chini ya barua. Maelezo ya kujiondoa kwa kawaida huwa hapo.

2. Tumia anwani ile ile uliyojiunga nayo. Ukiandika kutoka anwani nyingine, programu haitakutambua.

3. Ukipata barua ya kuthibitisha, ijibu au bofya kiungo chake. Bila hivyo unabaki ndani.

4. Ikishindikana, mwandikie msimamizi peke yake, kwa adabu.

5. Usiiite barua taka orodha uliyojiunga nayo kwa hiari. Malalamiko yakizidi, barua zake huanza kuzuiwa hata kwa wanaozihitaji.

6. Barua ya matangazo kutoka kwa mtu usiyemjua usiijibu wala usibofye kiungo chake. Utamthibitishia kwamba anwani yako inatumika. Hiyo ndiyo ya kuiweka kwenye barua taka.

Wanaotuma nao wana wajibu. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Kwa mwenye orodha, mlango wa kutokea ulio wazi haufukuzi wateja. Aliyeondoka kwa amani anaweza kurudi msimu ujao. Aliyezuiwa atakuweka kwenye barua taka, na hata bei nzuri utakayomtumia hataiona.