Anayejua Mno na Asiyejua

Leo twazungumzia jambo ambalo kila aliyepata kuwafundisha makuruti amekutana nalo: mwanafunzi hufika darasani na mzigo wa yale anayoyajua tayari, na mzigo huo mara humsaidia, mara humkwaza.

Tarehe 21 Oktoba 1972 Serikali ya Somalia ilitangaza kwamba lugha ya Kisomali itaandikwa kwa herufi za Kilatini. Watumishi wa serikali walipewa miezi mitatu kuzijua, muda ambao baadaye uliongezwa ukawa sita. Mwaka 1974 shule zilifungwa, na wanafunzi pamoja na walimu wao wapatao 25,000 wakatumwa bara kuwafundisha wafugaji, kwa wito kwamba anayejua afundishe na asiyejua ajifunze.

Mfugaji hakufundishwa lugha, maana lugha alizaliwa nayo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuifunga kila sauti na alama yake. Lakini msomi aliyezoea Kiitaliano au Kiingereza alikuwa na kazi mbili, kujifunza na kusahau. Alipoona jina la mji wa Cadale, ulimi wake ulikimbilia sauti ya k au ch, kumbe herufi hiyo imewekwa mahali pa ain ya Kiarabu. Alipoona Xamar, jina ambalo wenyeji huuita mji wa Mogadishu, alikwama tena, kwani x hapo ni ile ha nzito itokayo kooni. Aliyepitia chuoni kusoma Kurani alikuwa na nafuu yake: sauti zote hizo alizijua, na hata mpangilio wa herufi za Kisomali, b, t, j, x, kh, d, unafuata njia ya alifu na be aliyoikariri utotoni.

Sasa mtazameni mtoto wa Koyama, Chovai au Chula. Nyumbani kwao husemwa Kibajuni, tawi la Kiswahili. Huyu alipaswa kujifunza herufi na lugha yenyewe kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, Kisomali hakina sauti za p, v wala z, na herufi zake hazimo katika alfabeti hiyo. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi, aliyemjua papa kabla ya kujua kusoma, hakuwa na herufi ya kumwandikia papa. Mwalimu mgeni aweza kumhesabu mzito wa akili. Huo ni uonevu, hata kama haukukusudiwa. Mtoto huyo huyo ajua kusi na kaskazi, ajua siku za bamvua na za maji mafu, na ajua kwamba maji yakijaa leo saa fulani, kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50. Hiyo ni hesabu, na mwalimu aliyeanzia hapo asingekosa wanafunzi.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana mwaka 1975. Ukame mkubwa ulioitwa Dabadheer uliwamalizia wafugaji mifugo yao, na zaidi ya watu 100,000 wakahamishiwa kwingine. Maelfu kati yao walipelekwa Barawa, Adale na Eyl wafundishwe uvuvi, watu ambao wengi wao samaki hawakumhesabu kuwa chakula. Mtu awezaye kusoma unyayo wa ngamia mchangani alipewa wavu na kuambiwa asome bahari. Wako waliobaki wakawa wavuvi hodari, lakini wanaume wengi walirudi kwenye ufugaji mvua ziliponyesha. Sisi hatuoni kuwa walikosa akili. Walitakiwa kuanza upya kabisa, na waliowafundisha walikuwa wameizoea bahari mno.

Na hapa ndipo lilipo kosa la mwalimu. Maarifa yaliyokaa siku nyingi hushuka mikononi na kuuacha ulimi. Nahodha wa Kibajuni humwambia askari mgeni, "Ngoja maji," basi. Yeye katika neno hilo ameona mwezi, rangi ya mlango wa mwamba, upepo na uzito wa chombo. Askari aliyezaliwa bara amesikia maneno mawili tu. Siku atakapoachiwa boti ya doria peke yake atangoja maji, lakini hatajua ni maji gani, na mwamba hauulizi cheo cha mtu. Vivyo hivyo sajenti wa miaka ishirini asemaye, "Fungua, safisha, funga," hukasirika kuruti akibakiwa na chuma mkononi, kwani amesahau kwamba ndani ya maneno yale matatu mna vitendo ishirini.

Dawa yake si kumwondoa mjuzi. Aketi na mtu aliyejifunza kazi hiyo mwezi uliopita, ambaye bado anakumbuka ni wapi alipopotea, na huyo ndiye aulizwe maelezo yapungukiwa na nini. Kisha kuruti naye asiulizwe kama ameelewa, maana mbele ya mkubwa wake atajibu, "Ndiyo, afande," hata akiwa gizani. Apewe bunduki au usukani, amfundishe mwenzake huku sajenti akisikiliza kimya.