Amana ya Kizimbani: Tulivyowauguza Simbilisi Watatu Wenye Ukurutu

Kila Idi inapokaribia, wazazi wengi hutafuta zawadi itakayowafurahisha watoto wao. Wako wanaonunua nguo na viatu, na wako wanaonunua kiumbe hai: sungura, ndege wa kizimbani, au yule mnyama mdogo asiye na mkia aitwaye simbilisi. Zawadi hii ni njema, kwani humfunza mtoto huruma. Lakini Idi hupita, shule hufunguliwa, na yule aliyekuwa akipakatwa kutwa nzima husahauliwa nyuma ya nyumba, katika kizimba ambacho hakuna akumbukaye kukisafisha.

Simbilisi watatu wa namna hiyo waliletwa nyumbani kwetu na mama mmoja wa mtaa wa pili. Alituambia kwamba watoto wake wamewachoka, wanyama wenyewe wananuka, na yeye hana moyo wa kuwatupa jaani. Tunayaeleza yaliyofuata kwa kuwa twaamini yatazifaa nyumba nyingine.

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita kwa ajili ya nyama yake, na hadi leo huliwa nchini Peru. Katika karne ya 16 mabaharia walimpeleka Ulaya, na huko akageuka kuwa mnyama wa kuliwaza watoto. Hana makucha ya kutisha wala si mwepesi wa kuuma; silaha yake ni kukimbia na kujificha. Kwa tabia hiyo, maradhi yake huchelewa kuonekana. Mnyama anayewindwa na wengi huficha udhaifu wake mpaka asiweze tena.

Hao wetu hawakuwa na la kuficha. Manyoya ya mgongoni na mapajani yalikuwa yamepukutika, na ngozi imefunikwa magamba mazito ya rangi ya manjano, yaliyopasuka na kutoa damu walikojikuna. Kucha zilikuwa ndefu hadi zimepinda. Nyayo zilikuwa zimevimba kwa kukanyaga waya na mkojo usiku na mchana. Mmoja, kila alipoguswa mgongoni, alijinyoosha na kutetemeka mwili mzima, na jirani aliyemwona akadhani ni kifafa.

Tuliwapeleka kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Aliwapima uzito kwanza: wa kwanza gramu 560, wa pili 520, na mdogo wao 410. Simbilisi mzima hutakiwa awe na gramu 700 hadi 1,200. Kisha akakwangua magamba kidogo, akayatazama kwa hadubini, na akaona utitiri, vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huchimba ngozi na kutaga mayai humo. Kule kutetemeka, alitueleza, hakukuwa kifafa cha kuzaliwa nacho. Mwasho wa vidudu hivi huweza kuwa mkali kiasi cha kumtia mnyama mtukutiko. Mmoja wao alikuwa pia na mabaka ya mviringo puani na kando ya jicho. Hiyo ilikuwa choa, maradhi ya ukungu.

Daktari aliwachoma sindano ya ivamektini, kila mmoja kwa kipimo cha uzito wake, akatuagiza turudi mara mbili zaidi, kila baada ya siku kumi. Dawa huua vidudu vilivyo hai, lakini mayai husalia. Anayeridhika na sindano ya kwanza kwa kuona nafuu hupisha kizazi kipya kianguliwe, na maradhi hurejea kama hayakutibiwa. Mwenye choa alipewa mafuta ya kupaka.

Ushauri wa mitaani haukukosekana. Mmoja alituambia tuwapake oili chafu ya gari, mwingine tuwachovye katika dawa ya kupe wa ng'ombe. Tuliyakataa yote mawili. Oili hupenya kwenye vidonda na kumezwa mnyama anapojilamba, nayo dawa iliyopimwa kwa ng'ombe huweza kumwua mnyama asiyefika hata kilo moja. Daktari alituonya pia juu ya jambo ambalo kila mama afaa kulijua: simbilisi asipewe kamwe amoksilini wala dawa nyingine za jamii ya penisilini zilizobaki kabatini. Dawa hizo huwaua bakteria wema wa tumboni mwake, na mnyama hufa kwa kuhara katika siku chache.

Kizimba cha waya tulikiacha. Tuliwawekea sanduku pana la mbao lenye sakafu tambarare, tukatandika leso kuukuu. Leso hizo zilifuliwa kila siku kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Sanduku liliwekwa mahali penye kivuli na upepo, kwani simbilisi hustahimili baridi kuliko joto. Joto likipita nyuzi 30 huweza kumwangusha, na unyevu wa pwani yetu huustawisha ukungu wa ngozi.

Magamba hatukuyabandua. Yaliachwa yalegee na kuanguka yenyewe. Wala hatukuwaogesha, maana kila kuguswa kuliwazidishia mwasho.

Kazi kubwa ilikuwa chakula. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Asipoipata katika chakula, ufizi wake hutoka damu, viungo humuuma, ngozi huharibika na vidonda hukataa kupona. Hao watatu walikuwa wakilishwa mabaki ya wali na chakula cha sungura pekee, nacho chakula cha sungura hakitiwi vitamini hiyo. Tuliwapa nyasi wakati wote, kwa ajili ya tumbo na kwa ajili ya meno, ambayo hayakomi kukua. Juu ya nyasi tuliongeza pilipili hoho, majani machache ya sukuma wiki, na kipande kidogo cha pera.

Mdogo hakuweza kutafuna. Tulimpondea chakula, tukakilainisha kwa maji na kumtilia kando ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu, hata usiku. Tumbo la simbilisi halipaswi kusimama. Akikaa siku moja bila kula huwa hatarini kufa. Tuligawana zamu, watu wazima na vijana, na wa zamu ya alfajiri alimlisha kabla ya kwenda kusali.

Usiku wa nne alifariki. Daktari alikwisha kutuambia kwamba mwili wake umedhoofika kupita kiasi na matumaini ni haba. Mtoto wetu wa miaka tisa, aliyekuwa akimshikia taa wakati wa kulishwa, aliuliza kwa nini alikufa ilhali tumemhudumia. Tulimjibu kwamba ajali i mkononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba juhudi tumeamrishwa sisi. Alilia, akatusaidia kuchimba shimo chini ya mwarobaini, kisha akarudi sandukuni kuwatazama wawili waliobaki.

Hao wawili walishika njia ya kupona. Baada ya sindano ya pili kutetemeka kulikoma. Wiki ya tatu magamba yalianguka kwa vipande, na chini yake ikatokea ngozi laini ya waridi. Wiki ya tano manyoya mafupi yalianza kuchipua. Kila Ijumaa tuliwapima kwa mizani ya jikoni tuliyoitenga kwa kazi hiyo tu, na kijana wetu akaandika hesabu daftarini: gramu 20 wiki hii, 35 wiki ijayo. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ya nane mmoja alifika gramu 815 na mwenziwe 760, nao walianza kupiga ule mluzi wao kila waliposikia kisu kikikata mboga.

Hapa tunawaomba akina mama watusikilize. Yule mama aliyetuletea wanyama alikuwa na binti mwenye baka la mviringo mkononi, lililopakwa mafuta ya kila aina bila kupona. Tulimshauri ampeleke zahanati na ataje kwamba nyumbani kulikuwa na mnyama mgonjwa. Ilikuwa choa ile ile. Maradhi hayo huvuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtoto kwa kugusana tu, na utitiri nao huweza kumletea binadamu mwasho wa muda. Kwa hiyo sisi tulivaa glavu, tukaosha mikono kwa sabuni kila baada ya kuwahudumia, na watoto hawakuruhusiwa kuwapakata mpaka daktari alipotoa idhini.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Sote twakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Twakijua pia kisa cha aliyeteremka kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Mnyama aliye kizimbani hawezi kwenda kokote kuomba chakula wala dawa. Riziki yake Mwenyezi Mungu ameipitisha mikononi mwa aliyemfungia.

Basi mzazi anayetaka kumnunulia mtoto simbilisi na ajiulize kwanza: nani atasafisha kizimba mwezi wa sita baada ya Idi? Mnyama huyu huishi miaka mitano hadi minane, na mtoto peke yake hawezi kubeba amana ya muda huo. Na aliye naye tayari amtazame leo, amfunue manyoya hadi kwenye ngozi, amkague nyayo na kucha, kisha ampime uzito. Akiona magamba au upara, asingoje wiki ijayo. Daktari wa mifugo ampe dawa, na nyumba nzima ishike zamu.