Diski bandia: ya shingo na ya kiuno hazilingani

Mwaka 1984, katika hospitali ya Charité mjini Berlin Mashariki, mgonjwa wa kwanza aliwekewa kiunoni diski bandia iliyobuniwa na Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz. Kabla ya kuwa daktari wa mifupa, Büttner-Janz alikuwa mwanajimnastiki aliyetwaa medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Muda uliopita tangu hapo unatosha kuuliza: waliowekewa diski hizi wanaendeleaje miaka mingi baadaye?

Diski, ule mto ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, inapochakaa na maumivu yakakataa dawa na mazoezi, upasuaji uliozoeleka ni kuitoa na kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Wengi hupata nafuu, lakini pingili za juu na chini yake hubebeshwa mwendo wa ile iliyogandishwa, nazo huweza kuchakaa mapema. Diski bandia ilikuja kuziokoa. Kwa kawaida ni vibao viwili vya chuma vinavyong'ata mfupa, na katikati yake kipande cha plastiki ngumu kinachoteleza mtu anapoinama au kugeuka.

Shingoni, matokeo yanatia moyo. Nchini Marekani, wagonjwa waliobadilishiwa diski mbili za shingo kwa aina iitwayo Mobi-C walifuatiliwa kwa miaka 7. Waliohitaji upasuaji mwingine kwenye pingili jirani walikuwa kama 4 katika kila 100. Kwa waliounganishwa pingili walikuwa 11. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, naipendekeza bila kusita.

Kiunoni ni habari nyingine, na inanisikitisha kuona mgonjwa wa kiuno akitiwa moyo kwa takwimu za shingo. Utafiti wa diski ya ProDisc-L uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baada ya miaka 5, uchakavu mpya wa pingili jirani ulionekana kwa wagonjwa 9 katika kila 100, dhidi ya karibu 29 kwa waliounganishwa. Hizo ni picha za eksirei. Waliolazimika kupasuliwa kwa sababu ya uchakavu huo walikuwa 2 dhidi ya 4 katika kila 100, tofauti ndogo mno kujengea hoja.

Wanorwe waliuliza swali gumu zaidi. Waliwagawa kwa kura wagonjwa 173: wengine diski bandia, wengine saa 60 hivi za mazoezi na ushauri nasaha kwa wiki chache, chini ya timu ya wataalamu. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi, lakini kwa pointi 8 tu kwenye kipimo cha pointi 100. Katika kurudi kazini, makundi hayakutofautiana. Baada ya miaka 8 pengo lilikuwa pointi 6 hivi. Upasuaji ulisaidia, ndiyo, ila mazoezi yaliyosimamiwa vizuri yaliufuata kwa karibu kuliko wengi walivyotarajia.

Ninachokihofia zaidi ni kurudia upasuaji. Diski ya kiuno huwekwa kwa kupitia tumboni: matumbo husogezwa kando, kisha mishipa mikubwa ya damu iliyolala mbele ya uti wa mgongo. Baada ya miaka, kovu huigandisha mishipa hiyo kwenye mfupa, na kuitenganisha upya ni hatari ya kweli ya kumwaga damu nyingi. Ndiyo maana uamuzi wa mara ya kwanza ni mzito. Mwenye mifupa iliyopungua uimara, pingili iliyoteleza au viungo vidogo vya nyuma ya pingili vilivyochakaa hafai kuwekewa. Na kwetu Afrika Mashariki, kifua kikuu cha uti wa mgongo lazima kiondolewe shaka kwanza.

Wapo Watanzania na Wakenya wanaofanyiwa upasuaji wa mgongo India. Ukienda, usiondoke hospitalini bila ripoti ya upasuaji pamoja na kadi yenye jina, saizi na namba ya diski. Plastiki ikilika au mfupa ukaota kuizunguka na kuifunga isicheze, daktari wa Dar es Salaam au Mombasa atahitaji kujua ni kifaa gani hasa kilichomo mwilini mwako, na eksirei peke yake huenda isimwambie.