Msimamizi wa Burudani Melini: Tafsiri ya Cheo

Katika meli za watalii yupo afisa anayesimamia burudani. Wanafunzi wa tafsiri humwita "mkurugenzi wa safari", na msomaji hudhani ndiye anayeongoza meli. Kumbe hiyo ni kazi ya nahodha.

Tamthilia ya Marekani, The Love Boat (1977–1986), ilimfanya afisa huyo ajulikane kupitia mhusika Julie McCoy, aliyeigizwa na Lauren Tewes. Huyu huwalaki abiria na kusikiliza mambo yao ya mapenzi. Lakini katika meli halisi, kazi kubwa ni kupanga ratiba ya kila siku, kusimamia wanamuziki na watumbuizaji, na kuwatangazia abiria shughuli za siku.

Hivyo tunapendekeza "msimamizi wa burudani melini". Mfasiri aanze na kazi, ndipo atafute jina.