Tovuti ya Zamani katika Mazingira Mapya ya PHP

Tovuti iliyoandikwa kwa PHP mwaka 2008 haikusimama peke yake tangu siku ya kwanza. Ilitegemea toleo fulani la lugha, toleo fulani la hifadhidata, mipangilio fulani ya seva, na mazoea ambayo aghalabu hayakuandikwa popote. Inapofunguliwa leo kwenye kompyuta yenye PHP 8 na MySQL 8, msimbo wake haujabadilika hata herufi moja, lakini vyote ulivyovitegemea vimebadilika. Kazi ya anayeupokea mradi kama huo ni kuyatambua masharti hayo yaliyojificha, kisha kuyashughulikia moja baada ya jingine.

Familia ya PHP 5 ilianza mwaka 2004. Toleo la 6 halikutolewa kamwe; PHP 7 ilifuata Desemba 2015, na PHP 8 Novemba 2020. Toleo la 5.6, la mwisho katika familia ya 5, liliacha kupata marekebisho ya usalama kutoka kwa watunzaji wa lugha mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo kuiacha tovuti ilipo eti kwa kuwa bado inafanya kazi ni kuuacha mlango wazi.

Matatizo ya kuhama ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hujitangaza. Fanksheni za zamani za kuwasiliana na hifadhidata, kama mysql_connect na mysql_query, zilianza kutolewa onyo katika PHP 5.5 na kuondolewa kabisa katika 7.0. Zile za ereg ziliondoka pamoja nazo, na each na create_function zikaondolewa katika 8.0. Programu ikikutana na mojawapo husimama na kutaja faili na mstari. Hata hivyo, kubadilisha majina tu hakutoshi. Fanksheni mysql_query ilipokea swali kwanza, ilhali mbadala wake, mysqli_query, hupokea muunganisho kwanza. Zaidi ya hayo, mysqli na PDO, njia mpya za kuwasiliana na hifadhidata, huwezesha swali la SQL kuandaliwa mbali na data ya mtumiaji, jambo linalowazuia wahalifu kupenyeza amri zao kupitia fomu. Nafasi hiyo isipotezwe.

Aina ya pili hukaa kimya, nayo ndiyo ya hatari. Hadi PHP 7, kulinganisha 0 na neno "abc" kwa alama == kulitoa jibu la kweli; katika PHP 8 jibu ni si kweli. Sharti lililotegemea jibu la kwanza litafuata njia nyingine bila onyo lolote. Vivyo hivyo, magic_quotes iliongeza mkwaju wa nyuma mbele ya alama za nukuu katika data iliyoingia, ikaondolewa katika 5.4. Msimbo ulioitegemea kama kinga unaendelea kufanya kazi, ila kinga haipo tena. Alama fupi ya kufungulia msimbo, <?, nayo ikiwa imezimwa katika mipangilio ya seva mpya, msimbo wenyewe hupelekwa kwa msomaji kama maandishi, pengine pamoja na nywila ya hifadhidata.

Hifadhidata ina mabadiliko yake. Tangu MySQL 5.7, mipangilio ya kawaida hukataa tarehe 0000-00-00, ambayo miradi mingi ya zamani iliitumia kumaanisha "haijajazwa". Katika MySQL 8, rank na groups ni maneno yaliyotengwa, hivyo jedwali au safu yenye mojawapo ya majina hayo hudai alama maalumu. Mfumo wa uendeshaji nao una tofauti zake: mradi uliozaliwa kwenye Windows, ambako herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili kwa kawaida hazitofautishwi, huweza kukosa faili zake unapofika kwenye Linux.

Njia salama huanza kwa kutobadilisha chochote. Faili zote na nakala ya hifadhidata huhifadhiwa kwanza, na msimbo huwekwa chini ya Git. Kisha mazingira ya zamani hujengwa upya ndani ya kontena la Docker lenye PHP 5.6, lisilofikiwa kutoka intaneti. Hapo tovuti hutazamwa ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, na majaribio huandikwa kwa kurasa muhimu: kuingia, kutafuta, kulipa, kuchapisha ripoti. Bila kipimo hicho, hakuna atakayejua baadaye kama kosa lilikuwapo au limeletwa na uhamisho.

Marekebisho mengi yafanyike mradi ukiwa bado kwenye 5.6. Toleo hilo lina fanksheni za zamani pamoja na mysqli na PDO, kwa hiyo kila faili inaweza kubadilishwa na kujaribiwa peke yake huku tovuti nzima ikiendelea kufanya kazi. Baada ya hapo mradi hupandishwa hadi 7.4, maonyo yote yakiwa yamewashwa kwa E_ALL, kwa kuwa toleo hilo huonya kuhusu mengi yaliyoondolewa katika 8. Zana kama PHPStan na Rector husaidia kupata sehemu zenye kasoro, lakini haziwezi kujua nia ya mwandishi wa kwanza.

Kurekebisha kutenganishwe na kupamba. Programu za kisasa za kuandikia msimbo zinaweza kupanga upya faili nzima kila inapohifadhiwa. Mistari mia kadhaa hubadilika sura, na badiliko moja la maana hupotea humo. Mpangilio huo uzimwe hadi uhamisho ukamilike.

Tovuti ya zamani inayoendelea kutumika hubeba maamuzi ya miaka mingi, baadhi yakiwa hayapo mahali pengine popote. Anayeihamisha aubadilishe msimbo wake kwa hatua ndogo, apime kila hatua, na asifute mstari ambao bado hajaelewa kwa nini uliandikwa.