Seli Ipi Inakaa na Ipi?

Wagonjwa kutoka Mbagala, Bunju na kwingineko hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa na mabaka meusi na vivimbe miguuni. Daktari akishuku saratani ya Kaposi, hukatwa kipande kidogo cha ngozi. Kipande hicho hutiwa kwenye fomalini, huzamishwa kwenye nta, kisha hukatwa utando mwembamba wa mikromita 4 au 5, ukabandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu wa patholojia huutazama kwa hadubini na kuandika jibu. Kwa matibabu, jibu hilo ndilo linalosubiriwa. Lakini juu ya kioo kile zimebaki maelfu ya seli, kila moja mahali pake, ambazo hakuna mtu mwenye muda wa kuzihesabu.

Mahali hapo pana uzito katika ugonjwa huu. Kaposi inasababishwa na kirusi HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, na Afrika iliufahamu ugonjwa wenyewe kabla ya Ukimwi kujulikana. Mwaka 2020 Salum Lidenge, mtafiti Mtanzania, na wenzake walichapisha ulinganisho wa uvimbe wa wagonjwa wenye VVU na wasio nao. Utendaji wa jeni ulifanana kwa kiasi kikubwa, na nakala za jeni (RNA) za VVU hazikuonekana ndani ya uvimbe. Huenda basi VVU husaidia saratani hii kwa mbali, kwa kuudhoofisha mwili mzima. Naiona kazi hiyo kuwa ya thamani kubwa. Ila kipimo cha namna ile husoma jeni za kipande kizima kwa pamoja, kwa hiyo kinatoa wastani. Hakiwezi kusema kama seli za kinga zimeingia katikati ya uvimbe au zimezuiwa pembezoni.

Kujua hilo kunahitaji ramani. Utando mwingine kutoka kipande kilekile hupakwa kingamwili zenye rangi mbalimbali: ya LANA, protini ya HHV-8 inayoonekana kama vitone ndani ya kiini cha seli iliyoambukizwa, ya CD8, inayotambulisha seli za kinga zinazoua, na ya CD68, inayotambulisha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vimelea. Picha huingizwa kwenye kompyuta, na programu huanza kuchora mpaka wa kila seli.

Hatua hiyo ya mipaka ndiyo ngumu kuliko zote, na makosa yake hayapigi kelele. Vijana wa mradi wa ramani wa Ramani Huria waliochora nyumba za Dar es Salaam kutokana na picha za droni wanaijua shida hii: mabati yamegusana, na huwezi kusema nyumba moja inaishia wapi bila kuuliza mwenyeji. Programu nyingi hutafuta kiini kwanza, kisha hukadiria ukubwa wa seli kwa kupanua mstari mikromita chache kukizunguka. Seli za Kaposi ni ndefu na nyembamba, umbo la pia ya kusokotea uzi. Ukipanua mviringo kuzizunguka, unaacha mikia yao nje na kumeza sehemu ya jirani. Seli ya CD8 iliyobanwa na makrofaji itaonekana ina alama zote mbili, na mtafiti asiye mwangalifu atatangaza aina mpya ya seli isiyokuwepo duniani.

Mipaka ikikubalika, hesabu inafuata. Kompyuta hupima umbali kutoka kila seli yenye LANA hadi seli ya CD8 iliyo karibu zaidi. Ili kujua kama ujirani huo si wa bahati tu, huacha seli zote palepale, ikachanganya majina yao mara 1,000 na kupima upya kila mara. Umbali halisi ukiwa mdogo kuliko ule wa karibu michanganyo yote, hapo kuna jambo la kuchunguza.

Programu kama QuPath, iliyoanzia Belfast, hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kinachokosekana ni saa za wataalamu wa patholojia, ambao hapa nchini ni wachache. Programu iliyofunzwa kwa tishu za Ulaya haina budi kusahihishwa na mtu anayezijua ngozi zetu, ambazo melanini yake ya kahawia hufanana na rangi ya kahawia inayotumika sana kuonyesha kingamwili. Nasisitiza kwamba saa hizo zilipwe na zitambuliwe kuwa ni utafiti.

Na kazi huanza mapema zaidi, katika chumba cha upasuaji mdogo, iwe Temeke au Mwananyamala. Kipande kikikaa muda mrefu kabla ya fomalini, RNA huoza. Kikilowa humo kwa wiki kadhaa, protini hufungamana zenyewe kwa zenyewe, kingamwili zikashindwa kuzishika. Fomu ya maabara iwe na nafasi mbili: saa kipande kilipokatwa, na saa kilipoingia kwenye fomalini.